Rangi za Mimea na Upimaji wa Dozi ya Mionzi

Mionzi ya tiba haionekani wala haina harufu, na mgonjwa haihisi inapopita mwilini. Kwa hiyo dozi yake haikadiriwi; hupimwa kwa kizio kiitwacho grei. Katika tiba ya saratani, mara nyingi mgonjwa hupewa grei 2 kwa siku, kwa wiki kadhaa. Dozi ikipungua, uvimbe waweza kusalia. Ikizidi, viungo vyenye afya hudhurika.

Watafiti wamechunguza iwapo rangi za mimea, kama wekundu wa maji ya choya, zaweza kusaidia upimaji huo. Mionzi inapopita katika maji huvunja molekuli zake, na vipande vinavyotokea hushambulia chembe za rangi, nayo rangi hufifia. Kadiri dozi inavyoongezeka, ndivyo nuru inavyopenya zaidi katika kimiminika hicho, na mashine hupima tofauti hiyo. Ili kuijua dozi, sharti kwanza sampuli za rangi ileile zipewe dozi zinazofahamika, kisha ile isiyofahamika ilinganishwe nazo.

Rangi hizi ni za bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Hata hivyo, rangi ya choya hubadilika pia kwa limau, kwa joto na kwa mwanga wa jua. Tena, dozi ya kutakasa vifaa vya hospitali hufikia grei 25,000. Badiliko linaloletwa na grei 2 laweza kuwa dogo mno kutambuliwa kwa macho.

Kwa sababu hiyo, tunawashauri wananchi wasinunue kimiminika wala kadi ya rangi inayodaiwa kupima nyumbani mionzi ya matibabu. Kinga ya kweli ni mashine iliyopimwa kwa vyombo vilivyohakikiwa. Tangu mwaka 1969, Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki na Shirika la Afya Duniani huzisaidia hospitali kuhakiki dozi zao kwa vipimo vidogo vinavyotumwa kwa posta. Tofauti inayokubalika haizidi asilimia 5.

Kabla ya kuanza tiba, mgonjwa anayo haki ya kuuliza:

1. Nitapewa grei ngapi kwa siku, na ngapi kwa jumla?
2. Mashine hii ilipimwa lini, na nani?
3. Nikikosa siku moja, nifanye nini?

Tunasisitiza kwamba maswali haya si utovu wa adabu. Ni sehemu ya tiba yenyewe.