Kuhesabu Vijidudu vya Maji ya Kisima

Ndugu wanachama,

Msimu wa karafuu ukifika wachumaji huwa wengi, na kisima kimoja huweza kunywesha mashamba matatu. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kisima ajue kusoma cheti cha kupima maji, maana huandikwa tarakimu chache tu, na asiyejua zimepatikanaje huzifahamu vibaya.

Tuliosoma chuoni twajua kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi maji yaliyotimia kulla mbili hayanajisiki ila yakigeuka rangi, tamu au harufu. Hiyo ni hukumu ya tohara. Maabara huuliza swali jingine, kwani vijidudu vya kuharisha huweza kuwamo katika maji meupe, matamu, yasiyo na harufu yoyote.

Kijidudu kimoja hakionekani kwa macho. Basi hila yake ni kukilisha kizae mpaka kizazi chake kionekane. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, aliviotesha juu ya gelatini, lakini gelatini huyeyuka kwa joto. Fanny Hesse, ambaye mumewe alifanya kazi katika maabara ya Koch, ndiye aliyetoa shauri la kutumia agari, itokayo katika mwani. (Si mwani huu upandwao pwani zetu; huu hutoa karaginani.)

Siku hizi njia itumikayo sana ni ya kuchuja. Maji mililita 100 hupitishwa katika chujio lenye vitundu vya mikroni 0.45, nalo huwekwa juu ya chakula cha vijidudu ndani ya sanduku la joto, kiasi cha digrii 44, muda wa saa 24 hivi. Joto hilo huvizuia vingi, lakini vile vya matumboni hustahimili. Kesho yake huonekana madoa, na kila doa huhesabiwa kuwa asili yake ni kijidudu kimoja, ingawa huenda vilikuwa viwili vitatu vimeshikana. Madoa yakizidi hayahesabiki, basi huchujwa maji machache: mililita 10 zikitoa madoa 36, cheti huandikwa 360 kwa mililita 100.

Maji ya tope huziba chujio. Hayo hutiwa katika vichupa vingi kwa vipimo mbalimbali, hutazamwa vingapi vimeotesha vijidudu, kisha jawabu hutafutwa katika jedwali. Ni kadirio, na maji yaleyale yaweza kupata 40 huku na 70 kule bila ya mtu kusema uwongo.

Kinachotafutwa hasa ni E. koli. Aina zake nyingi hazidhuru, lakini ni shahidi kwamba kinyesi kimefika majini. Shirika la Afya Duniani lataka isionekane hata moja katika mililita 100. Hata hivyo, kukosekana kwake hakuondoi shaka yote, maana viko virusi vinavyoishi majini muda mrefu kuliko yeye.

Tarakimu huharibika zaidi njiani kuliko maabara. Chukueni chupa iliyotakaswa huko huko maabara. Msiisuuze wala msiguse mdomo wake. Itieni katika barafu, nayo ifike katika saa 6 ikiwezekana, isipite 24. Kisima kikiwa kimetiwa klorini, semeni mapema, mpewe chupa yenye dawa ya kuivunja. Bila hiyo klorini huendelea kuua safarini, na sifuri mtakayoletewa ni ya chupa, si ya kisima. Na aliyepima wakati wa kiangazi tu, apime tena masika, mvua inapoteremsha uchafu wa vyoo na mazizi.

Katibu