Mzigo wa Punda: Ni Kilo Ngapi?

Msomaji, siku moja mkulima mmoja kutoka upande wa Kiritiri alifika ofisini kwetu kutafuta dawa ya punda mvivu. Zamani punda huyo alikuwa hodari. Sasa akitoka mtoni na kufika katikati ya kilima hulala chini na maji mgongoni, wala fimbo haimwinui. Nikamwuliza hubeba nini. Akajibu, "Mitungi minne tu." Dawa ya uvivu hatuna. Tulichukua karatasi tukafanya hesabu, na hesabu hiyo ndiyo somo la mwezi huu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mitungi minne ni kilo 80, mbali na mitungi yenyewe na shogi. Na punda je? Mizani ya kumpimia huna, lakini utepe wa fundi wa nguo unapatikana. Mzungushie kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Ukipata sentimeta 110, uzito wake ni kama kilo 120, na punda wetu wengi hawapiti hapo sana. Kumbe yule wa Kiritiri alikuwa akipanda kilima na theluthi mbili za uzito wake! Wewe mwenye kilo 60, jitwike kilo 40 kutoka mtoni, uhesabu utapumzika mara ngapi.

Kipimo kinachofaa ni hiki: njia ikiwa nzuri na punda akiwa na afya, asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kwa punda wa kilo 120 hiyo ni kilo 40, pamoja na shogi. Kwenye miteremko mikali, kama ile ya kushukia mito ya Meru na Tharaka, au jua likiwa kali, au punda akiwa amekonda, shika robo, yaani kilo 30. Hapo mitungi ni miwili, nayo isijae. Punda asiyetimiza miaka mitatu asibebeshwe kabisa, na mwenye mimba kubwa apumzishwe.

Utasema, "Basi nitakwenda mtoni mara mbili!" Ndiyo, utakwenda mara mbili. Lakini punda akipata kidonda cha mgongo atakaa majuma mengi bila kazi, na maji yatarudi kwenye mgongo wa mama. Kumpata mwingine pia si rahisi kama zamani: hesabu ya mwaka 2009 ilikuta punda kama milioni 1.8 katika Kenya, na ile ya mwaka 2019 ikakuta kama milioni 1.2 tu. Biashara ya ngozi imewala wengi.

Mzigo uwe sawa kulia na kushoto, ukae juu ya mbavu wala usiguse uti wa mgongo. Weka tandiko nene chini ya shogi; gunia tupu lililokunjwa halitoshi.

Mkokoteni ni habari nyingine, kwa maana magurudumu ndiyo yanayobeba. Kwenye barabara tambarare za Mwea punda huvuta mzigo unaozidi uzito wake. Kwenye mteremko mkokoteni usio na breki humsukuma kutoka nyuma, kwa hiyo punguza.

Na kumpanda? Mtu mzima wa kilo 65 ni zaidi ya nusu ya punda wetu. Hata farasi, aliye mkubwa mara tatu au zaidi, ana mpaka wake. Mwaka 2008 wataalamu wa Ohio, Marekani, walitoa habari za farasi wanane waliojaribiwa kwa mizigo mbalimbali. Mzigo ulipofika robo ya uzito wao, mioyo ilienda mbio zaidi, na misuli ikauma baadaye.

Punda haonyeshi maumivu upesi. Tazama pumzi, hatua zilizofupika, masikio yaliyolala. Ukiona hayo, teremsha mzigo hapo hapo njiani. Kumpakia kupita kiasi ni kosa pia kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Yule bwana wa Kiritiri sasa hupakia mitungi miwili, na fimbo ameiacha nyumbani.