SOMO LA USALAMA BARABARANI: PIKIPIKI NA MISTARI YA RANGI WAKATI WA MVUA

Chapwa ni kata ya Mji wa Tunduma, Mkoani Songwe, karibu na mpaka wa Tanzania na Zambia. Mvua za huko ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na barabara za eneo hilo hutumiwa kwa pamoja na malori ya masafa marefu na pikipiki za abiria. Somo linaloonekana huko lawahusu pia watumiaji wa vyombo vya maringi mawili Unguja na Pemba, hasa nyakati za masika na vuli.

Mistari ya barabarani huchorwa ili kulinda maisha. Hata hivyo, inaponyesha mvua, mistari hiyo hiyo huwa miongoni mwa sehemu zenye mshiko mdogo kabisa kwa tairi la pikipiki.

SABABU ZA UTELEZI

Lami nzuri haina uso laini. Kokoto zake huchomoza, na mpira wa tairi hujibonyeza juu yake na kuzishika, wakati maji ya mvua hukimbilia katika mianya iliyo baina ya kokoto hizo. Rangi huziba mianya hiyo. Maji hubaki juu yake kama utando, na tairi hukosa cha kushika. Chembe za kioo zitiwazo katika rangi ili ing'ae usiku nazo ni laini. Mstari unaopakwa mara kwa mara juu ya ule wa zamani huzidi ulaini.

Aidha, mvua za mwanzo ni hatari zaidi, kwa kuwa vumbi, dizeli na oili iliyodondoka wakati wa kiangazi huchanganyika na maji kabla ya kusombwa.

KWA NINI PIKIPIKI

Gari likiteleza kwa tairi moja, matatu yaliyobaki husaidia. Pikipiki hugusa ardhi kwa sehemu mbili tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Inapokata kona hulala upande, na mshiko huo mdogo ndio huizuia isiteleze. Breki ikikamatwa wakati huo, mzigo huzidi uwezo wa tairi.

Kwa mfano, pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa, penye kiwango cha msuguano cha 0.7, huhitaji takriban mita 9 ili isimame tangu breki zinapoanza kushika. Kiwango kikishuka hadi 0.35, mita hizo huwa 18. Mwendo ukiwa kilomita 20 kwa saa, mita 4.5 hutosha hata penye utelezi huo.

WAJIBU WA WAENDESHAJI

(a) Kupunguza mwendo kabla ya kufika penye mistari, si juu yake.

(b) Kuvuka mstari pikipiki ikiwa wima, bila kukamata breki wala kuongeza mafuta kwa ghafla.

(c) Kutoendesha juu ya mstari wa katikati. Aangukaye hapo huangukia njia ya magari yanayokuja.

(d) Kusimama kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, tairi likiwa bado juu ya lami, na kutokanyaga rangi kwa mguu.

(e) Kubadilisha tairi kipara, kukagua upepo, na kuacha kubeba abiria kwa mtindo wa mishikaki.

WAJIBU WA WATENDAJI

Mzigo huu si wa mwendeshaji peke yake. Utelezi wa rangi hupunguzwa kwa kutia chembe ngumu zenye kukwaruza, na kwa kuondoa rangi ya zamani kabla ya kupaka mpya. Barani Ulaya, kiwango EN 1436 huelekeza mshiko wa mistari upimwe kwa chombo chenye mkono unaobembea, na daraja la kwanza huanzia alama 45. Ni vyema, basi, watumishi wanaotayarisha zabuni za uchoraji wa barabara wakataja kiwango cha mshiko kama wanavyotaja weupe na mng'ao, na wakahakikisha kinapimwa kabla ya kazi kupokewa.

Ikumbukwe kwamba mstari unaoonekana vizuri bado haujatimiza kazi yake, iwapo mwenye pikipiki hawezi kuuvuka kwa salama siku ya mvua.