Mdogo wangu, msuko usikuume

Wadogo zangu, sogeeni mkekani tukae. Anayefumua aendelee kufumua, maana mazungumzo yenyewe leo ni ya kichwani.

Swali ninaloulizwa mara nyingi siku hizi ni hili: "Dada, nywele zangu za mbele zinaisha, nipake mafuta gani?" Ninapomwomba mwenye swali avue kilemba nimtazame, aghalabu nakuta panja zote mbili zimebaki wazi, na pembezoni kabisa mwa uso vimesimama vinywele vichache vyembamba kama matamvua ya mkeka. Basi nami namuuliza: mara ya mwisho uliposuka, usiku wa kwanza ulilala?

Ninauliza kwa sababu usiku huo naujua. Nikiwa msichana nilisukwa rasta nyembamba, zikavutwa hata nyusi zikapanda. Kichwa hakikugusika na mto, nikakesha nimeegemea ukuta. Asubuhi kwenye mashina ya nywele palikuwa na vipele vyenye usaha, na kila aliyeniona alinisifia: zimekaa, zitadumu. Nikaamini kwamba kupendeza lazima kuume. Imani hiyo ndiyo ninayotaka tuiache hapa hapa leo. Maumivu yale ni ngozi inayolalamika, na ngozi hailalamiki bure.

Kila unywele umepandwa ndani ya kifuko kidogo kwenye ngozi ya kichwa. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha hudondoka na mwingine kuota palepale. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, hivyo kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Ndiyo maana ukifumua rasta za miezi miwili unashika bonge la nywele mkononi na moyo unapasuka. Piga hesabu: nywele 50 kwa siku 60 ni nywele 3,000. Zilikuwa zimeshadondoka siku nyingi, msuko tu ndio uliozishikilia.

Cha kuogopa ni kuvutwa. Kifuko kikivutwa mchana na usiku huvimba na kuuma, na unywele wake hulegea. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, kifuko hugeuka kovu, na juu ya kovu hakuna mafuta yatakayootesha kitu. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwapima wanawake wa Afrika Kusini, wakakuta karibu thuluthi moja wana upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao misuko iliwauma au kuwatoa vipele, na wale waliosukia juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha.

Hata hivyo, tusimbebeshe msusi lawama zote. Okota unywele uliodondoka uutazame. Ukiwa na kijinundu cheupe mwishoni, huo umenyonyoka kutoka shinani. Ukiwa mfupi na hauna kijinundu, umekatika, na hapo chunguza dawa kali, pasi ya moto na kuchana nywele zikiwa kavu.

Kama zinanyonyoka kichwa kizima, rudi nyuma miezi 2 au 3. Ulijifungua? Ulipata homa kali, upasuaji, msiba mzito, au ulijinyima chakula upungue haraka? Mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja na baadaye hudondoka kwa pamoja. Wewe mwenye mtoto wa miezi minne unayeona nywele kwenye sinia, kanga na hata mkononi mwa mwanao, tulia. Kwa wengi zinakuwa zimerudi mtoto anapofikisha mwaka. Ila kama unachoka ovyo, hedhi ni nzito au moyo unaenda mbio, nenda ukapimwe damu: upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingoni hunyonyoa nywele pia.

Kuna wanaopata kiraka cha mviringo, laini, ghafla tu. Hapo kinga ya mwili imevishambulia vifuko vya nywele kwa makosa. Hakuna aliyekuroga, na matibabu yapo. Mtoto mwenye viraka vyenye magamba na nywele zilizokatika pengine ana mapunye. Hao ni fangasi walioingia mpaka ndani ya unywele, kwa hiyo krimu peke yake haitoshi, anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa hospitalini. Na nywele zikipungua kuanzia utosini huku pakiwasha au kuunguza, usisubiri hata mwezi, kwa sababu aina hiyo huacha makovu.

Sasa tuje kwenye mafuta. Nyonyo na nazi hulainisha nywele na kuzipunguzia kukatika, yapakeni kwa raha zenu. Lakini usinunue chupa ya bei kubwa kabla hujajua nywele zimeondokaje. Dawa ya minoksidili husaidia baadhi ya aina za upungufu wa nywele, ukiwemo ule wa kurithi unaowapata wanaume na wanawake. Inataka miezi 4 hadi 6 ya uvumilivu, na mjamzito au anayenyonyesha asiiguse bila daktari. Daktari mwenyewe ni yule wa ngozi, kwani nywele ni sehemu ya ngozi. Kule Moshi, kituo cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Usione aibu kuomba rufaa kwa ajili ya nywele.

Kwa msusi, nenda na maneno mkononi: "Dada, nisukie kwa kulegeza, na hizi za mbele ziache." Chagua rasta nene kidogo na zisizo ndefu sana, maana uzito nao huvuta. Usisuke mara tu baada ya kutia dawa ya kulainisha. Zisipite miezi 2 au 3, kisha pumzisha kichwa wiki kadhaa. Wigi usilibandike kwa gundi kila siku kwenye ukingo uleule. Ukirudi nyumbani kichwa kinagonga, fumua usiku huohuo. Najua fedha imeshatoka. Nywele nyingine utasuka, panja ikishakuwa kovu hainunuliki.

Na wewe mama unayemsuka binti yako jioni hii, umembana kwa magoti asitikisike: akisema "mama, inauma," usimwambie avumilie ili apendeze. Legeza mkono. Mimi niliambiwa nivumilie, na nilichukua miaka mingi kujua kwamba ningeweza kusema hapana. Mtoto anayelegezewa leo, kesho atakaa kwenye kiti cha saluni akiwa na kauli yake.