SOMO LA MWEZI: NYUMBA NI YA MWENYEWE, VYOMBO NI VYAKO

Wengi wetu tuna watoto waliopanga vyumba mjini, na wengine wetu tumepanga chumba pale sokoni. Leo tujifunze juu ya bima ya vyombo vya mpangaji.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amepanga chumba kwenye ploti. Ndani mna kitanda, godoro, jiko la gesi na cherehani aliyonunua kwa mkopo wa kikundi. Usiku moto unaanzia kwa jirani. Mwenye ploti ana bima, kwa hiyo analipwa kuta na mabati. Mama halipwi hata kijiko. Na mkopo je? Uko palepale, na waliomdhamini ndio watakaoulipa.

Sababu ni hii: bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake tu. Vyombo vya mpangaji vinataka bima yake mwenyewe. Kwa kawaida bima hiyo hulinda vyombo dhidi ya moto, radi na wizi wa kuvunja.

Tufuate hatua hizi:

1. Andika kila chombo na thamani yake. Risiti na picha usiziweke chumbani humo. Mpe katibu wa kikundi nakala.

2. Taja thamani kamili. Vyombo vikiwa vya shilingi 80,000, nawe ukataja 40,000 ili ulipe kidogo, umelinda nusu tu. Vikiungua vya 20,000, kampuni yaweza kukulipa 10,000.

3. Uliza yasiyolipwa. Mwizi akiingia mlango ukiwa wazi, mara nyingi hulipwi. Cherehani ya kazi itaje waziwazi, maana bima ya vyombo vya nyumbani huenda isihesabu vifaa vya biashara. Uliza pia ni kiasi gani cha hasara utabeba mwenyewe.

4. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA). Usitoe pesa bila risiti. Kumbuka, bima haifanyi kazi kabla ya malipo.

5. Hasara ikitokea, piga ripoti polisi upate abstrakti, kisha ijulishe kampuni mara moja. Usingoje.

Pengine utasema, "Hiyo ni ya matajiri." Lakini tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za bima ndogo kwa watu wa kipato cha chini. Kikundi kinaweza kuuliza kampuni kama itawapokea wanachama pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana:
- Chumba chako kikiungua leo, ungehitaji pesa ngapi kuanza upya?
- Ni vyombo gani vilivyonunuliwa kwa mkopo wetu viko kwenye nyumba za kupanga?
- Nani atatumwa kuuliza bei kwa kampuni mbili au tatu, na ataleta majibu lini?

Tusiondoke mkutanoni kabla ya kujibu hilo la mwisho.