SOMO LA KOMPYUTA: KADI MOJA YA SAUTI, PROGRAMU NYINGI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo hili tutaeleza jambo ambalo wengi hukutana nalo bila ya kujua sababu yake. Kompyuta ya nyumbani inatoa kisomo vizuri kabisa, lakini mtoto akifungua somo la kwenye intaneti, mwalimu hasikiki. Mzee anaambiwa kadi ya sauti imekufa, anatoa pesa, inanunuliwa nyingine, na tatizo linabaki pale pale. Mara nyingi kadi huwa nzima. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuishirikisha. Tujifunze basi, tusije tukapoteza mali kwa kutojua.

1. SAUTI NDANI YA KOMPYUTA
Kompyuta haihifadhi sauti bali huhifadhi namba. Sauti hupimwa mara nyingi kwa sekunde moja, na kila kipimo huitwa sampuli. Katika CD, kila sekunde ina sampuli 44,100 kwa spika ya kulia na nyingine 44,100 kwa spika ya kushoto. Kila sampuli ni namba kati ya -32,768 na 32,767. Kazi ya kadi ya sauti ni kupokea namba hizo kwa mpangilio na kuzigeuza umeme unaotikisa spika.

2. KWA NINI NI VIGUMU KUSHIRIKIANA?
Printa moja inaweza kutumiwa na watu kumi, kwani karatasi hupanga foleni: ya kwanza ikitoka, inafuata ya pili. Sauti haiwezi kungoja. Mwalimu anayezungumza sasa hawezi kusikika baada ya kisomo kumalizika. Wala programu mbili haziwezi kupokezana kadi kidogo kidogo, maana zote mbili zingesikika zimekatika katika.

Zamani katika Linux, kwa mfumo wa sauti ulioitwa OSS, kadi nyingi zilikubali programu moja tu kwa wakati mmoja. Iliyotangulia ilishika mlango, na iliyofuata iliambiwa kuwa kifaa kinatumika. Programu ya kwanza hata ikinyamaza, madhali haijafungwa, mlango uliendelea kufungwa.

3. DAWA YAKE: KUCHANGANYA
Hivyo basi, njia iliyobaki ni kuchanganya. Inawekwa programu moja katikati, nasi tutaiita mchanganyaji. Yeye peke yake ndiye anayezungumza na kadi, na programu nyingine zote humpelekea yeye namba zao. Mfano wake ni birika la kutawadhia: ndoo nyingi humiminwa ndani yake, lakini maji hutoka kwa bomba moja.

Kuchanganya kwenyewe ni kujumlisha. Programu ya kwanza ikileta 12,000 na ya pili 9,000, kadi hupewa 21,000, na sikio husikia sauti zote mbili. Lakini mchanganyaji ana mambo matatu ya kuyaangalia:

(a) Birika kufurika. Ikija 25,000 na 15,000, jumla ni 40,000, nayo imepita 32,767. Kinachozidi hukatwa, na sauti hukwaruza. Dawa yake ni kupunguza sauti ya kila programu kabla ya kujumlisha.

(b) Kasi kutofautiana. Rekodi ya sampuli 44,100 ikichezwa kwa kasi ya 48,000 bila ya kubadilishwa, kisomo kitakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na sauti ya msomaji itapanda. Kwa hiyo mchanganyaji huzilinganisha kasi kwanza.

(c) Kuchelewa. Mchanganyaji hukusanya sampuli kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 ni kama milisekunde 21. Kwa msikilizaji hilo si kitu. Kwa wanaozungumza, mafungu yakiwa makubwa mno, jibu huchelewa.

4. TULIKOTOKA
Baadhi ya kadi, kama Sound Blaster Live! ya mwaka 1998, zilikuwa na uwezo wa kuchanganya zenyewe. Kadi za bei nafuu hazikuwa nao, hivyo kazi ikabebwa na programu. Katika Linux, PulseAudio ilianza mwaka 2004 kwa jina la Polypaudio, na Novemba 2007 Fedora 8 ikaitumia kama mchanganyaji wake wa kawaida. Kisha ikaja PipeWire, aliyoianzisha Wim Taymans, na Fedora 34 ikaichukua mwaka 2021. Kwa upande wa Windows, Vista ya mwaka 2007 ilimwezesha mtumiaji kupunguza sauti ya kila programu peke yake.

5. TUFANYE NINI SAUTI IKIKATAA?
Kwanza, tufunge programu zote za sauti, kisha tufungue moja. Ikisikika, kadi ni nzima.
Pili, tufungue orodha ya sauti za programu tuone kama kuna iliyozimwa.
Tatu, katika Windows kuna ruhusa ya programu kumiliki kifaa cha sauti peke yake. Programu ikiitumia, nyingine hunyamaza. Tuiondoe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kifaa, kisha tujaribu tena.
Yote hayo yakishindikana, ndipo tumwite fundi.

Tusisahau kwamba kuwezekana si kupendeza. Mashine inaweza kuchanganya kisomo na kelele za mchezo bila ya kuona haya. Adabu ya kuzima kimoja ni yetu sisi.

MASWALI
1. Kwa nini sauti haiwezi kupanga foleni kama karatasi za printa?
2. Programu tatu zimeleta 15,000, 10,000 na 9,000. Je, birika litafurika? Onesha hesabu yako.
3. Fungu la sampuli 480 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde ngapi?

Wabillahi tawfiq.