Maji ya Ziwa kwenye Kitalu Nyumba: Kipima EC Kinasema Nini?

Kila kiangazi nikipita Ujiji na Kibirizi naulizwa: "Afisa, haya maji ya ziwa si yana chumvi? Hayataua nyanya zangu?"

Twende taratibu. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, na hizo ndizo zinazopitisha umeme kwenye maji. Kipima EC kinapima hilo tu. Hakikutajii ni chumvi gani. Urea haina chaji, ukiikoroga kwenye ndoo namba karibu haisogei. Nitreti ya potasiamu inaipandisha papo hapo.

Maji ya Ziwa Tanganyika husoma maikrosimensi 650 hivi kwa sentimita, sawa na desisimensi 0.65 kwa mita. (Angalia kipima chako kinatumia kipi, tofauti ni mara elfu.) Mwongozo wa FAO unasema chini ya 0.7 hakuna shida. Tupo ndani, ila pembeni kabisa ya mstari. Nyanya itavumilia. Maharage na vitunguu ni wepesi kudhurika.

Sasa piga hesabu. EC hiyo ni kama gramu 400 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Ekari moja ikinywa mita za ujazo 1,600 kwa msimu, umeingiza zaidi ya kilo 600! Shamba la wazi, mvua za Novemba hadi Aprili huzisukuma chini. Kitalu nyumba hakinyeshewi, jamani. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki.

Mzizi hunywa maji kupitia utando wa seli. Chumvi ikizidi upande wa nje, maji hayapiti kirahisi. Ndipo unaona mche unanyauka saa saba mchana na udongo umelowa, halafu wewe unakimbilia mbolea, yaani ayoni juu ya ayoni.

Kila mwezi chukua udongo mkavu kipimo kimoja, maji ya mvua vipimo viwili, koroga, acha nusu saa, pima. Usilinganishe na ile 0.7, hiyo ni ya maji. Andika tu uone kama inapanda. Ikipanda, kabla ya kupanda zao lingine mwagia kwa wingi maji ya mvua uliyovuna kwenye bati, na hakikisha yana pa kutokea.

Jambo la mwisho: maji haya yana pH karibu 9, bikaboneti na magnesiamu nyingi, kalsiamu kidogo. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, shuku kwanza chuma hakifiki. Hapo EC haikusaidii, peleka sampuli maabara.